Alfajiri na Mtoto Mdogo
Msikilizaji wa Mbulu, Haydom na Katesh, baridi ya Julai inauma, saa 11 alfajiri mtoto keshaamka, na kazi inakungoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ule wa mchana ukiwemo. Kama alilala saa 2 usiku, huo si utundu: keshapata saa 9, zilizobaki atazimalizia mchana. Basi nawe wahi kulala, simu iache. Maji ya uji yachemshwe usiku, yawekwe kwenye chupa ya chai. Baba naye ashike zamu. Kubembeleza mtoto hakujampunguzia mtu ubaba. Mama unayenyonyesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mkumbushe mwajiri wako.