HOTUBA YA MWENYEKITI: NYUMBA YETU YA UYOLE NA BEI YAKE

 

 Miaka kumi si mchezo. Mafanikio yetu katibu na mhazini wameshayasoma. Sisi tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi mmekuwa mkinong'onezana pembeni, yaani nyumba ya Uyole. Elimu yetu ni ya darasa la saba, lakini nyumba ile ilitusomesha.

Si mnakumbuka? Tuliijenga mwaka 2018, vyumba vinne, tofali za kuchoma na bati, tukaipangisha. Mwaka 2021 tukaamua kuiuza ili fedha zirudi kwenye sanduku, wanachama wakope. Uamuzi ulikuwa mzuri. Bei ndiyo iliyotushinda.

Tulijumlisha kiwanja, tofali, bati na fundi, tukaongeza na jasho letu la kubeba maji na mchanga kichwani. Ikaja milioni 32. Mwezi wa Juni tukaitangaza. Wapangaji tukawatoa, tukaweka mlinzi wa shilingi 60,000 kwa mwezi.

Watu walikuja. Wa kwanza alisema milioni 24, wa pili 25, wa tatu 24 na nusu. Novemba yule wa 25 akarudi, fedha anazo. Sisi viongozi tukamjibu kwamba anatudharau kwa sababu ni wanawake. Kumbe wala hakutudharau. Watu watatu wasiojuana walikuwa wanatuambia bei ya nyumba, sisi tukaziba masikio.

Novemba ile, jamani, ndiyo mbolea ilikuwa imepanda. Mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi laki moja. Wanachama wakaja kukopa, sanduku tupu, fedha zimelala Uyole ndani ya tofali. Mwenzetu mmoja akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akaweka rehani shamba lake la ekari moja na nusu. Mavuno ya 2022 hayakutosha kulipa, shamba likaenda. Tarehe 8 Agosti 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mbolea ya ruzuku hapa hapa Mbeya, kwenye uwanja wa John Mwakangale, wengine tulipiga vigelegele. Mwenzetu yule hakuwa tena na shamba la kuitia.

Na bado hatukujifunza. Mwaka huo huo zilipovuma habari za kupanua barabara kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi, tukapandisha bei hadi milioni 35. Hakuja mtu hata mmoja. Masika upepo ukaezua bati upande mmoja, tukatengeneza kwa shilingi 800,000. Julai 2023 tukauza kwa milioni 22 na nusu.

Tupige hesabu. Tulikataa milioni 25, tukapata 22 na nusu, hapo imepotea milioni 2 na nusu. Mlinzi wa miezi 20 tangu Novemba ile ni 1,200,000. Bati 800,000. Jumla ni milioni 4 na nusu. Tupo wanachama 30, kwa hiyo kila mmoja alipoteza laki moja na nusu. Wazee walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Sisi yalituuma.

Lakini mtu asiondoke hapa akakimbilia kushusha bei ovyo. Dada yetu mmoja wa Iringa, wa Ipogolo, ametupa ruhusa tulieleze la kwake. Januari moja mahitaji ya shule yaliwabana, mumewe akaamua nyumba iuzwe. Walianza na milioni 18. Dalali akawaambia soko limelala, shusheni. Kila wiki wakashusha, na kila aliyesikia akasubiri washushe tena. Wiki ya tatu wakauza kwa milioni 11. Mwezi wa saba nyumba ile ile iliuzwa kwa milioni 17. Dada alisaini huku analia, hakujua kwamba angeweza kukataa. Akina mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haraka haraka nayo haina baraka.

Basi lini tushushe? Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, bei haitokani na jasho letu. Mnunuzi hanunui maji tuliyobeba. Ulizeni nyumba tatu za jirani zimeuzwa kwa kiasi gani, siyo zinatangazwa kwa kiasi gani.

Pili, sikilizeni miguu ya watu. Wasipokuja kabisa, huenda hawana habari, au bei imewatisha tangu mbali. Waongezeeni habari kwanza, wekeni kibao, msitegemee dalali mmoja. Wakija wengi wakaondoka bila kurudi, kuna kasoro au bei imezidi. Wakija watatu wakataja fedha zinazokaribiana, bei ndiyo hiyo. Hapo msibishane na soko.

Tatu, angalieni majira. Huku kwetu fedha zinaonekana baada ya mavuno, kuanzia Mei hadi Agosti. Januari kila mtu ana shida, na muuzaji mwenye shida anajulikana usoni. Nyumba ipewe msimu mmoja wa mavuno. Ukipita bila mnunuzi, shusheni Septemba, kabla mvua hazijaanza kuonyesha panapovuja. Mshushe mara moja, kwa kiasi kinachoonekana, halafu msimame. Msishushe laki laki kila wiki.

Nne, andikeni gharama ya kusubiri kila mwezi, mlinzi, matengenezo, na mikopo ambayo wanachama wameikosa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, bei ya mwisho iamuliwe kikaoni na kuandikwa kwenye muhtasari kabla ya kutangaza, wakati vichwa vimetulia. Dalali asiijue. Akija mtu mwenye bei hiyo, kiongozi asiwe na ruhusa ya kukataa kwa sababu ya kiburi.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi tuliokaa meza kuu. Novemba 2021 hakuna mwanachama aliyekataa milioni 25. Tulikataa sisi viongozi, bila kuitisha kikao. Mwenzetu aliyepoteza shamba yupo hapa leo, hatutamtaja. Hakuondoka kikundini, na kila Jumamosi analeta hisa zake. Mama, tunakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa. Kikao cha mwezi uliopita kimekubali kwamba fungu la kwanza la faida ya mwaka huu litakukodia shamba la ekari moja na nusu, pamoja na mbegu na mbolea.

Mungu akibariki kikundi chetu, azibariki Mbeya na Iringa.