Mikorosho ya Wazee Wetu na Amana ya Vijana

(Nasaha iliyotolewa msikitini, mkoani Mtwara, baada ya Sala ya Ijumaa)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, tazameni safu zetu katika Sala ya Alfajiri: wengi ni wazee. Vijana wako Dar es Salaam wakiendesha bodaboda, na mashamba ya mikorosho wamewaachia babu zao, ambao macho yamepungua nuru na magoti yamechoka. Jambo hili si la mavuno peke yake. Ni la dini.

Kila msimu, mikorosho inapotoa maua, mzee asiye na nguvu za kupulizia dawa wala fedha ya kibarua hujiwa na mtu mwenye fedha taslimu. Korosho zake hununuliwa zingali maua, kwa bei ya kutupa. Ndiyo kangomba tuliyoizoea. Na hali Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kufaa kwake, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Alipowakuta watu wa Madina wakilipana mapema kwa mazao yajayo, aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Je, katika ununuzi wa maua ya shamba zima kinajulikana kipi?

Lakini kukataza peke yake hakumpulizii mzee dawa. Anayeuza maua mara nyingi hauzi kwa kupenda, bali kwa kukosa msaada.

Wazee wetu wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Ilipofika msimu wa 1986/87 zilikuwa pungufu ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei duni, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na maradhi ya ubwiriunga. Maradhi haya ni kuvu. Hupeperushwa na upepo wakati wa baridi na kuunguza maua. Wako waliosema ni husuda, wakatundika hirizi mashambani. Hirizi haiui kuvu, na kuitegemea ni kumshirikisha Allah. Salfa ilipoenea katika miaka ya 1990, mavuno yakaanza kurejea kwa idhini yake.

Mzee mwingine husema: "Sisi tulilima bila simu, na Mungu aliruzuku." Ni kweli, Baba, Mwenye kuruzuku ni Yeye. Lakini Imam Muslim amepokea kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakipandikiza mitende. Mtume (s.a.w.) alidhani huenda kuacha kungekuwa bora. Walipoacha, mavuno yakapungua, naye akawaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Basi ujuzi wa shamba hutafutwa kwa majaribio na kwa wenye fani. Kutawakali ni kushika sababu, kisha kumwachia Allah matokeo.

Sababu za leo ziko karibu. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapa hapa Mtwara, kimetoa aina bora za mikorosho, na miche ya kubebesha huzaa mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu. Pembejeo za ruzuku humfikia mkulima aliyesajiliwa. Stakabadhi ghalani ilianza mwaka 2007, na tangu mwaka 2024 korosho zimeuzwa kwa minada ya mtandao ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei ikitangazwa hadharani. Mengi katika hayo hupita katika simu, na mzee haoni maandishi yake.

Hapa ndipo ilipo amana yenu, enyi vijana. Unapomsajili babu yako, andika jina lake na namba yake, si yako. Namba yake ya siri ni siri yake. Msomee ujumbe wote, hata ule usiokupendeza. Anayekula ruzuku ya mzee kwa kidole chake ana tofauti gani na mwenye kangomba? Aliye Dar es Salaam naye asiseme yuko mbali: atume fedha ya kibarua kabla maua hayajachanua, apige simu kuuliza kama dawa imepulizwa kwa kipimo na kwa wakati.

Nasi wa msikiti huu, tujigawe. Vijana wawili wenye mashine ya kupulizia wawahudumie wazee watano, baada ya kuelekezwa na afisa ugani. Na darasa la Jumamosi liwe na nusu saa ya kuwasomea wazee taarifa za msimu. Hiyo ni fardhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi, wengine husalimika, na ikiachwa na wote, dhambi ni yetu sote.

Nanyi wazee, msione haya kufundishwa na mjukuu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye mche mkononi, hata Kiyama kikisimama, aupande akiweza. Na kila anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti wa Muislamu ni sadaka kwake.

Allah azibariki nguvu za vijana wetu na umri wa wazee wetu, na atupe riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.