Malalamiko ya Wanachuo na Kanuni za Kompyuta: Mambo Mawili Yanayokutana Mlango Mmoja



Nimeombwa nizungumzie mambo mawili ambayo vyuo vyetu vya ufundi vya Tanzania huyaweka katika mafaili tofauti: utaratibu wa kupokea malalamiko ya wanachuo, na kanuni za matumizi ya kompyuta. Nitayazungumza pamoja, kwa kuwa kwa mwanachuo hayatengani. Asiposikilizwa ofisini huandika kwenye kundi la WhatsApp. Akishaandika, uongozi hufungua kanuni za kompyuta na kumwadhibu. Lalamiko lake, ambalo huenda lilikuwa la kweli, hufa bila kuchunguzwa.

Aliyewahi kufanya kazi ya ushauri wa wanafunzi anayajua malalamiko haya. Ada imelipwa benki na risiti ipo, lakini mfumo unaonyesha deni, na asubuhi ya mtihani kijana anazuiwa mlangoni. Alama za tathmini endelevu hazikuingizwa. Wanafunzi wa umeme wamechangia vifaa vya mazoezi na muhula unakwisha hawajagusa waya. Na lipo zito kuliko yote, linalosemwa kwa kunong'ona: mkufunzi anayedai mwili wa mwanafunzi ndipo atoe alama. Hili la mwisho halimalizwi na kikao cha nidhamu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na mahali pake ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Chuo kinachomhamisha mkufunzi wa namna hiyo kutoka idara moja kwenda nyingine, kisha kikafunga jalada, kinaficha uhalifu.

Vyuo vingi hujibu kwamba sanduku la maoni lipo. Sanduku ambalo ufunguo wake hukaa kwa mtu anayeweza kuwa ndiye mlalamikiwa halimsaidii mwanafunzi. Hajui kama karatasi yake imesomwa, imesomwa na nani, na jibu atalipata lini. Kinachomsaidia ni karatasi mkononi: fomu yenye nakala mbili, moja abaki nayo, imegongwa muhuri, ina tarehe na jina la aliyepokea. Fomu iseme jibu litatoka ndani ya siku ngapi. Iseme asiporidhika aende kwa nani ndani ya chuo, na akishindwa huko aende wapi nje, ikiwemo NACTVET, baraza linalosimamia ubora wa vyuo hivi. Anayelalamikiwa asikae kwenye kikao kinachoamua. Haya si mapendekezo ya ukarimu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, mbele ya mahakama na mbele ya chombo kingine chochote kinachoamua haki na wajibu wake. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo cha namna hiyo.

Sasa niingie kwenye chumba cha kompyuta. Kanuni zilizobandikwa ukutani huwa zinafanana: usile, usinywe, usichomeke flashi bila ruhusa, usifungue picha chafu. Ni sahihi, na virusi vinavyoletwa na flashi vimeshapoteza kazi za wanafunzi wengi. Lakini jambo kubwa kuliko yote mara nyingi halimo, nalo ni nywila. Darasa zima likiingia kwa jina moja na nywila moja, hakuna anayeweza kujua nani amefanya nini. Tuseme faili la mradi wa mwisho limefutwa. Anashikwa aliyeonekana kukaa kwenye mashine ile mara ya mwisho. Hawezi kukanusha, na chuo hakiwezi kuthibitisha, lakini barua ya kumsimamisha masomo huandikwa. Kabla ya kuandika kanuni moja ya adhabu, chuo kimpe kila mwanafunzi jina lake la kuingilia, na pawepo daftari la mashine, saa na sahihi. Bila hivyo, adhabu yoyote ya kompyuta ni ya kubahatisha.

Kijana aambiwe pia, wiki ya kwanza na kwa maneno yanayoeleweka, kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyafanya baadhi ya mambo anayoyaona mchezo kuwa jinai. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni mojawapo. Kuingia kwenye mfumo wa matokeo kwa nywila ambayo mkufunzi ameiacha wazi kunaweza kumfikisha mahakamani.

Wajibu haumwangukii mwanafunzi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavihusu vyuo pia. Orodha ya wadaiwa wa ada yenye majina na namba za simu hairushwi kwenye kundi la WhatsApp. Chuo kinachofuatilia kurasa ambazo wanafunzi hufungua kiwaambie kinafuatilia, na kwa sababu gani.

Kanuni ninayoiogopa zaidi ni ile ya mstari mmoja inayokataza "kuchafua jina la chuo mtandaoni". Ni pana mno. Anayetunga uongo na anayesambaza picha ya utupu ya mwenzake wamo ndani yake, na aliyeandika kwamba karakana haina mashine, na kweli haina, naye yumo. Baadhi ya viongozi huwatisha wanafunzi kwa kifungu cha 16 cha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kifungu hicho kinahusu taarifa za uongo. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: alichosema ni kweli? Lalamiko lililoandikwa mtandaoni lichunguzwe kwanza kama lalamiko. Adhabu ya namna alivyolisema, kama ipo, isubiri majibu.

Fomu ya malalamiko na kanuni za kompyuta ziandikwe kwa Kiswahili. Wapo wanaoingia wakitokea darasa la saba kujifunza uchomeleaji au ushonaji, na hatuwezi kuwasainisha karatasi za Kiingereza kisha tukadai walikubali.

Nawaomba wakuu wa vyuo mliopo hapa: kabla hamjapokea wanafunzi wa muhula ujao, wekeni utaratibu wa malalamiko na kanuni za kompyuta katika kijitabu kimoja, muiite serikali ya wanafunzi iipitie rasimu, na ukurasa wa kwanza uandikwe jina, ofisi na simu ya mtu anayepokea malalamiko.