Ulizeni Mwamba Umekunywa Maji Kiasi Gani!

Ndugu zangu vijana, mkisikia bwawa linajengwa huwa mnauliza nini? Megawati ngapi, mabilioni mangapi, nani kapewa tenda. Sawa. Leo ongezeni swali ambalo wakubwa hawalipendi: mwamba ulio chini ya ukuta umekunywa maji kiasi gani?

Mwamba una nyufa, jamani. Mhandisi anatoboa shimo jembamba, anabana kipande chake kwa mipira inayojazwa hewa, kisha anasukuma maji kwa pampu huku mita ikihesabu. Kipimo chake ni lujoni, kwa jina la Maurice Lugeon, mwanajiolojia wa Uswisi aliyekieleza mwaka 1933. Lujoni 1 ni lita 1 kwa dakika katika kila mita ya shimo, kwa presha ya baa 10 (si baa za bia! Ni kama uzito wa maji yenye kina cha mita 100).

Presha hupandishwa hatua kwa hatua, kisha hushushwa vile vile. Ikirudi chini na mwamba ukanywa kuliko ulivyokunywa mwanzo, ujue maji yamesomba udongo uliokuwa umeziba nyufa. Anayekuletea wastani mmoja tu amekuficha habari yenyewe.

Sasa sikilizeni ya Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Mjenzi alikuwa serikali kuu. Vipimo vilionyesha mwamba unabugia maji. Wakachimba handaki kila ubavu wa bonde, wakasukuma uji wa saruji. Upande wa kulia yakaonekana mapango ya mtu kuingia. Yalipoendelea nje ya handaki hayakuzibwa. Handaki likajazwa udongo laini, ule unaosombwa upesi. Mlango mkuu wa kupunguzia maji haujakamilika, bwawa likaachwa lijae.

Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 maji ya matope yakatoka ubavuni. Katapila mbili zikapelekwa kuziba. Zikamezwa! Kabla ya saa sita mchana ukuta wa mita 93 ulikuwa umekatika. Watu 11 walikufa, na bwawa halikuwa limejaa hata mara moja.

Vipimo hivyo hulipiwa kwa kodi yako. Bwawa lijalo likizinduliwa kwa ngoma na kofia za bure, kofia pokea, lakini dai na karatasi ya mashimo: shimo kwa shimo, presha ikipanda na ikishuka.