Siasa ya Mtu Mbele ya Mizani
(Hotuba ya Katibu katika Sikukuu ya Miaka Kumi)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika sikukuu hii ya Chama chetu Kikuu. Pengine mlitazamia tuhesabu marobota ya pamba na fedha. Hayo Bwana Mhasibu ameyaandika katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twapenda kuuliza neno moja: siasa ya mtu yatoka wapi, kinywani au moyoni?

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya Ujamaa, na humo alitoa hoja inayotuhangaisha hata leo: kwamba ujamaa, kama ilivyo demokrasia, kwanza ni nia ya mtu. Kwa kipimo hicho hata maskini asiye na kitu aweza kuwa bepari, maana alichokosa ni nafasi tu, siyo tamaa. Hoja hii ni kali, nasi twaikubali, kwa kuwa tumekaa miaka kumi kando ya mizani.

Karani anayesimama mikutanoni kuwalaani wanyonyaji, kisha akapunguza kilo mbili katika kila mzigo wa mjane, naye ni mnyonyaji. Mrija wake ni mfupi tu. Wala tusiwasahau wakulima, maana tumezoea kuwalaumu makarani peke yao. Anayenyunyizia pamba maji, au kuficha mchanga katikati ya furushi, amwibia jirani yake, kwa kuwa pamba chafu hushusha sifa na bei ya pamba ya wote. Mfukoni aweza kuwa na kadi ya chama chochote cha siasa.

Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, hawakuwa na siasa moja. Walikuwamo wafuasi wa Robert Owen, na walikuwamo waliodai haki ya kupiga kura. Siku zile wenye maduka wengi walichanganya vyakula na vitu visivyofaa kuliwa. Wao waliuza unga safi kwa uzito kamili, nasi twaamini kwamba jambo hilo liliwaunganisha kuliko hotuba zozote.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba moyo mwema watosha. Moyo hauonekani. Azimio la Arusha la 1967 halikuridhika na nia. Liliweka masharti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na watu bado wabishana kama ilikuwa hekima. Nasi katika ushirika tuna kovu letu. Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta udanganyifu, ikataja pia wanachama wasiojua mambo ya vyama vyao, na siasa kuingilia kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha haikutungwa mpaka 1982. Hatusemi kwamba udanganyifu peke yake ndio uliovivunja; Serikali ilitaka vijiji vishike kazi hiyo. Lakini walikuwamo watumishi waaminifu wengi, na uaminifu wao haukuwa na mtetezi, kwa kuwa mwanachama wa kawaida hakuwa na njia ya kuuona.

Mchana huu tutachagua Halmashauri mpya. Tangu vyama vingi vya siasa viruhusiwe tena mwaka 1992, si nadra kusikia wajumbe wakinong'onezana mgombea ni wa chama gani. Twawaomba leo waulize amelipa lini deni lake la mbegu na dawa. Daftari za mikopo na za mizani ziko juu ya meza karibu na mlango, nazo zimefunguliwa tangu asubuhi. Kalamu ipo pia, kwa atakayeona kosa.