Aonaye Kasoro Aseme
Mazungumzo juu ya usalama wa ndege, kwa wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi



Wenyeji wa Eastleigh, Kaloleni, Bahati na Embakasi wameuzoea mlio wa eropleni tangu zamani. Kiwanja cha Eastleigh kilitumiwa na ndege za vita, kisha na za abiria pia, hata kilipofunguliwa kiwanja cha Embakasi mwaka 1958. Hicho kilijengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, na leo huitwa Kiwanja cha Jomo Kenyatta. Basi usalama wa ndege si jambo la wasafiri peke yao. Ni jambo la mtu alalaye chini ya njia ya ndege, na la kijana apakiaye mizigo usiku.

Mwezi wa Aprili mwaka 1992 ndege ya Jeshi la Anga iliangukia nyumba za watu Kaloleni. Tarehe 2 Julai mwaka 2014, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, iliyokuwa ikipeleka miraa Mogadishu, iliangukia jengo huko Utawala, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walieleza kwamba kasoro ya injini ilijulikana, na mitambo ilitoa maonyo ndege ikiwa bado inakimbia chini, lakini safari haikusimamishwa.

Watu wengi hudhani kwamba rubani mwema ni shujaa asiyeogopa kitu. Dhana hiyo ina hatari. Rubani mwema ni mtu wa utaratibu, akaguaye neno kwa neno, na akubaliye kuambiwa na aliye chini yake.

Utaratibu huo una maana zaidi katika Nairobi. Mji huu uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini, na mabawa nayo hayainui ndege kama yainuavyo Mombasa. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Kosa dogo ambalo pwani pengine lingesameheka, hapa huenda lisisameheke.

Tarehe 20 Novemba mwaka 1974 ndege kubwa aina ya Boeing 747, mali ya shirika la Lufthansa la Ujerumani, iliruka kutoka Embakasi ikielekea Johannesburg. Mbele ya mabawa yake kulikuwa na vipande ambavyo hutokezwa wakati wa kuruka ili bawa liweze kuinua mzigo. Vipande hivyo husukumwa kwa hewa itokayo katika injini, na siku ile vilango vya hewa hiyo havikufunguliwa, wala ukaguzi haukuligundua jambo hilo. Ndege iliinuka kidogo tu, ikaanguka. Katika watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Baadaye ndege za namna hiyo zilitiwa mtambo wa kuonya, ili usahaulifu wa mtu mmoja usiue tena.

Hata kazi ya fundi wa chini hubeba roho za watu. Tarehe 18 Aprili mwaka 1972, ndege ya East African Airways aina ya Super VC10 ilikuwa ikikimbia Addis Ababa tayari kuruka. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma cha jeki kilichodondoka kutoka ndege nyingine ndogo, nalo likapasuka. Rubani alijaribu kusimamisha ndege, lakini breki hazikuwa na nguvu zake zote, kwa kuwa sehemu yake moja ilikuwa imeunganishwa vibaya. Watu 43 walikufa kati ya 107.

Tena kuna hatari ya ukimya. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana njiani katika ukungu, wakafa watu 583. Kabla ya hapo mhandisi wa ndege mojawapo aliuliza kama njia ilikuwa wazi kweli. Nahodha, mtu mwenye sifa kubwa, akajibu kwamba ni wazi, akaendelea. Mhandisi hakuuliza tena.

Msiba huo ulileta mafunzo mapya duniani. Marubani wakaanza kufundishwa, mbali na kuendesha ndege, jinsi ya kusemezana: mdogo aseme kwa adabu lakini bila kunong'ona, na mkubwa asikilize bila kuona amevunjiwa heshima. Lakini mafunzo hayatoshi yasipotendwa. Huko Douala, tarehe 5 Mei mwaka 2007, nahodha wa ndege ya Kenya Airways aliamuru mtambo wa kujiongoza ushike. Haukushika, wala hakuna aliyehakikisha. Katika giza ndege ikalala upande polepole, na watu wote 114 wakafa.

Katika mila nyingi kijana hamkosoi mzee mbele ya watu, na heshima hiyo ni njema. Lakini katika ndege, na karakana, na matatu pia, anyamazaye kwa heshima aweza kumzika yule anayemheshimu.

Wakazi nao wana sehemu yao. Taka hukusanya korongo wale wakubwa wenye upara, na ndege mmoja wa namna hiyo akiingia katika injini aweza kuiharibu. Basi taka zisitupwe ovyo karibu na viwanja. Mfanyakazi aonaye msumari au chuma njiani asiseme, "Si kazi yangu." Na vijana wapendao kazi hii wajue kwamba chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga, kilichoanzishwa mwaka 1954, kiko Embakasi, mlangoni pao.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ndege, ufa huzibwa ingali chini, kwa neno la mtu mmoja aliyeuona.