Virutubisho vya Kuoteshea Vimelea vya Kifua Kikuu: Si Lishe Tu



Midia ikishindwa kuotesha, wengi wetu wa maabara hufikiria chakula kwanza: pengine glukosi ni haba, pengine gliseroli imepungua. Hoja yangu leo ni kwamba mara nyingi vimelea vya kifua kikuu havifi kwa njaa. Vinauawa na sumu iliyomo ndani ya midia yenyewe.

Tuitazame chupa ya OADC, ile tunayoiongeza mililita 100 kwa kila mililita 900 za agari ya Middlebrook 7H10. Ina asidi ya oleiki, albumini ya ng'ombe, glukosi na katalesi. Glukosi ni chakula, hilo halina ubishi. Asidi ya oleiki nayo huliwa, lakini ikizidi na kuelea huru humuua mlaji. Hapo ndipo albumini inapofanya kazi: huishika asidi hiyo na kuiachia kidogo kidogo. Katalesi huvunja peroksaidi zinazojitengeneza kwenye midia. Kumbukeni kwamba kimelea hiki hugawanyika mara moja tu kwa saa 15 hadi 20 hivi, na kitakaa humo kwa wiki kadhaa. Sumu ambayo bakteria wanaokua haraka wangeivumilia inatosha kukimaliza.

Ndiyo maana OADC haipitishwi kwenye otokleva: joto lingeharibu albumini na katalesi. Agari ipoe kwanza hadi nyuzi 50 au 55 za Selsiasi, kisha tuchanganye taratibu bila kutoa povu. Na sahani zikishamiminwa, tafadhali zisiachwe karibu na dirisha. Mwanga na joto huzalisha formaldehaidi ndani ya 7H10, na kwa macho sahani inaonekana nzima kabisa.

Kwa midia ya Löwenstein-Jensen, tegemeo la maabara nyingi, yai hubeba kazi zote mbili, ya kulisha na ya kufunga sumu. Mayai yawe mabichi, na muuzaji aulizwe bila aibu kama kuku wake wamepewa antibayotiki. Dawa iliyobaki ndani ya yai itazuia vimelea kuota, nasi tutamjibu mgonjwa kwamba hana TB.

Njaa ya kweli ipo kwa Mycobacterium bovis. Kwa hitilafu ya kijenetiki, haiwezi kuigeuza gliseroli kuwa piruveti, hivyo kwenye chupa ya kawaida yenye gliseroli huota kwa shida sana. Katika jamii za wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, maabara yenye chupa za gliseroli pekee inaitafuta TB ya ng'ombe mahali ambapo haitajitokeza. Sodiamu piruveti, gramu 4 hadi 5 kwa lita, inatosha kuondoa tatizo hilo. Napendekeza kila sampuli ya tezi kutoka maeneo hayo ipandwe kwenye chupa za aina zote mbili, ya gliseroli na ya piruveti, tangu siku ya kwanza, na chupa isiyoonyesha kitu isitupwe kabla ya wiki 8.